Shajara ya mradi: simu, kadi za sauti na majirani wapya, Sombetini, Arusha

Shajara hii inatunzwa kwa ajili ya vikundi vya mitaa vinavyotaka kutumia simu na kompyuta ili watu waliokimbia nchi zao, pamoja na watoto wao, wazoeane na majirani na wazifikie huduma za mahali wanapoishi. Sisi ni kikundi cha majirani wa Sombetini: mwalimu mstaafu, muuguzi, fundi simu, fundi cherehani, mfanyabiashara wa mitumba, na mimi ninayeandika kumbukumbu na kushika hesabu. Fedha zimetokana na michango yetu na mkopo mdogo wa kikoba. Mambo yaliyokwenda kama yalivyopangwa nimeyapitia kwa haraka. Yaliyokwama nimeyaeleza kwa kirefu, kwa sababu huko ndiko atakayefuata ataokoa fedha na muda.

Kabla ya kuingia kwenye tarehe, ni lazima nieleze hali ya kisheria, kwa kuwa ndiyo iliyoamua sura ya kila chombo tulichotengeneza. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inawataka wakimbizi waishi katika maeneo yaliyotengwa, na anayetoka huko anahitaji kibali. Ndiyo maana wengi wao wamekuwa katika kambi za mkoa wa Kigoma, kama Nyarugusu iliyofunguliwa mwaka 1996, na si mijini. Watu tunaokutana nao Arusha ni wa namna nyingine. Zipo familia zilizokimbia Burundi mwaka 1972, zikaishi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, na ambazo ni miongoni mwa watu zaidi ya 160,000 waliokubaliwa uraia wa Tanzania, vyeti vyao vikagawiwa kwa wingi kuanzia mwaka 2014. Wapo Warundi na Wakongo walioingia kwa pasipoti na vibali vya kawaida, kwa kuwa nchi zao sasa zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi tangu mwaka 2007 na Kongo tangu mwaka 2022. Wapo pia wachache wenye vibali vya matibabu au masomo. Mtaani wote huitwa wakimbizi, bila kujali nani ana karatasi gani.

17 Agosti 2024: Dodoso lafutwa

Tulianza na kile ambacho miradi mingi huanza nacho, yaani kuwatambua walengwa. Fundi simu alitengeneza dodoso kwa KoboToolbox, programu ya bure inayoruhusu majibu kujazwa kwenye simu bila intaneti na kutumwa baadaye, na vijana wakapita nayo nyumba kwa nyumba. Dodoso liliuliza jina, namba ya simu, nchi ya asili, idadi ya watoto, kisha swali la tano: "Je, wewe ni mkimbizi?"

Kazi ilikwama kwenye swali hilo. Mzee mmoja aliyekulia Ulyankulu, ambaye sasa ana genge la ndizi na viazi, aliwakaribisha vijana, akawapa viti, akajibu yote hadi hapo, kisha akaingia ndani na kurudi na bahasha ya plastiki. Ndani yake kulikuwa na cheti cha uraia, kimekunjwa mara moja tu na bado ni kisafi. "Wanangu," alisema, "mimi ni Mtanzania na kura nimepiga. Mkiniandika mkimbizi humo kwenye simu yenu, nani atakuja kunifuta?" Akina mama wa Kikongo waliokwisha kujaza fomu waliposikia habari hiyo walikuja wenyewe kuomba majina yao yaondolewe.

Afisa Mtendaji wa Mtaa, ambaye tulikuwa tumempa taarifa mapema, aliuliza mambo ambayo tulipaswa kuyapanga kabla ya kumtuma kijana yeyote barabarani: orodha itatunzwa wapi, nani ataweza kuisoma, na itafutwa lini. Hapakuwa na jibu la kuridhisha. Orodha ya watu wa asili ya kigeni iliyomo kwenye simu ya kijana wa kujitolea inaweza kupotea pamoja na simu hiyo ndani ya kifodi, yaani daladala zetu za Arusha, siku yoyote, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema imefika mikononi mwa nani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa awe na sababu mahususi na halali, akusanye zile zinazohitajika tu, na azilinde. Tulichohitaji sisi ni kujua maswali waliyo nayo watu, na maswali hayahitaji majina.

Fomu na majibu yote yalifutwa, kwenye simu na kwenye seva, mbele ya Afisa Mtendaji. Kisha tukaandika sharti ambalo limeongoza kila kilichofuata: chombo chochote tutakachotengeneza kitatumiwa na mkazi yeyote, mwenyeji au mgeni, bila kuulizwa yeye ni nani wala ametoka wapi. Masuala ya hadhi ya ukimbizi, uraia na vibali hatutayajibu wenyewe. Tutamwelekeza mtu Uhamiaji au Idara ya Huduma kwa Wakimbizi iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Gharama ya hatua hii ilikuwa shilingi 25,000 za vifurushi vya intaneti.

5 Oktoba 2024: Kundi la WhatsApp na matapeli

Baada ya dodoso tulifungua kundi la WhatsApp, tukidhani kwamba kwa kuwa mtu anajiunga kwa hiari yake, sharti letu limetimia. Kwa majuma ya mwanzo lilifanya kazi nzuri. Watu waliuliza mahali pa kumwandikisha mtoto shule, siku za kliniki, bei ya kujaza mtungi wa gesi, na wenyeji wakajibu kwa moyo mweupe. Mama mmoja wa Bujumbura alipata chumba kupitia kundi hilo, kwa jirani ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kusalimiana naye.

Kasoro yake ni kwamba katika kundi la kawaida kila mwanachama anaiona namba ya kila mwenzake, na mara nyingi jina na picha yake pia. Kiungo cha kujiunga kilisambazwa nje ya mtaa, na matapeli wakaingia. Nchini kwetu wengi wamezoea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii" na huufuta bila kuusoma mara mbili, lakini mtu mwenye wasiwasi na karatasi zake hupigiwa ngoma tofauti. Mwanamke mmoja alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni ofisa wa vitambulisho, akamtaja kwa jina, akamtaja hata mtoto aliyeonekana kwenye picha yake, na kumtaka alipe ili jalada lake "lisirudishwe nyuma". Alituma shilingi 30,000. Hazikurudi.

Kundi lilifungwa siku hiyo hiyo na badala yake tukafungua chaneli ya WhatsApp, ambamo sisi tu ndio hutangaza na wafuasi hawaonani namba. Tangazo letu la kwanza kwenye chaneli lilihusu utapeli wenyewe, na ningependa kila anayeiga mradi huu aanze nalo. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo yenye tarakimu 12, wala hayatumwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma hupelekwa 15040. Kwa kupiga *106# mtu anaweza kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na akikuta asiyoijua aende kwa mtoa huduma ikafutwe. Mafunzo haya yaliwafaa wenyeji sawasawa na wageni, na hapo ndipo wenyeji wengi walipoanza kuiona kazi hii kuwa ni yao pia.

Chaneli ina upungufu mmoja: mfuasi hawezi kuuliza. Pia haimfikii asiye na simu janja, na katika mtaa wetu hao ni wengi, hasa wazee na akina mama wauza mboga. Hatua mbili zinazofuata zimetokana na mapungufu hayo.

14 Desemba 2024: Baada ya uchaguzi wa mitaa

Uchaguzi wa Serikali za Mitaa ulifanyika Novemba 27, na kwa muda wote wa kampeni tulisimamisha kazi ili isionekane ni ya chama chochote. Uongozi mpya ulitaka kuelezwa upya kila kitu, jambo ambalo ni haki yake. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tusiwahudumie wazawa kwanza. Mwalimu wetu alimjibu kwa utulivu kwamba mambo haya hayakuanza jana mjini hapa. Mei 1979 Arusha ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa Afrika nzima juu ya hali ya wakimbizi, na mwaka uliofuata Tanzania ikawapa uraia maelfu ya Wanyarwanda. Kisha akamwonyesha tangazo la matapeli na kumwuliza ni mzawa gani lisiyemhusu. Tulipewa ruhusa ya kutumia chumba cha ofisi ya mtaa siku za Jumamosi.

1 Februari 2025: Sauti kwenye memori kadi

Wazo lilikuwa rahisi: kurekodi maelezo mafupi ya sauti kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, na kuyaweka kwenye memori kadi zinazoingia kwenye simu za kitochi na kwenye zile redio ndogo zinazosikika vibandani kutwa nzima. Mada zilitokana na maswali ya kundi la WhatsApp: kumwandikisha mtoto shule, kliniki ya mama na mtoto, kupanga chumba, kujihadhari na matapeli, na jinsi ofisi ya mtaa inavyofanya kazi.

Mahali pa kurekodia palitusumbua. Chumba cha ofisi kina bati lisilo na dari, nje kuna barabara ya vifodi, na kila rekodi ilikuwa na honi na mwangwi. Mfanyabiashara wa mitumba ndiye aliyetatua tatizo kwa kutupa ghala lake. Marobota ya nguo yaliyopangwa hadi juu hunyonya mwangwi vizuri kuliko kitu chochote ambacho tungeweza kununua. Tuliwaketisha fundi cherehani, aliyezaliwa Ulyankulu, na mama mwenye duka, Mmeru wa hapa hapa, katikati ya marobota na kipaza sauti cha kubana kwenye nguo cha shilingi 30,000, wakazungumza kuhusu kupanga chumba kana kwamba mmoja ndiye mpangaji na mwingine mwenye nyumba. Hatukuwaandikia maneno. Mama mwenye duka, ambaye kweli ana vyumba vya kupangisha, alieleza kwa nini wenye nyumba hudai kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, naye fundi cherehani akamwuliza moja kwa moja, "Na mimi mama, nikikuletea ya mwezi mmoja na jirani akanidhamini, utanikatalia?" Kimya kilichofuata kimo kwenye rekodi, na jibu lake pia: "Nikimjua huyo jirani, sitakukatalia." Hatukuikata sehemu hiyo.

Kadi za kwanza hazikusoma. Baadhi ya sauti zilikuwa zimerekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, ambao huhifadhiwa katika muundo wa Opus, na kitochi cha kawaida hakiufahamu. Tulizigeuza zote kuwa MP3 kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti, kwa njia moja ya sauti na kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, ambapo dakika moja huchukua takriban nusu megabaiti na sauti ya mtu anayeongea hubaki safi kabisa.

Tatizo la pili lilichukua muda mrefu zaidi kugunduliwa. Wasikilizaji walilalamika kwamba maelezo yanarukaruka: sehemu ya tatu ya habari za shule inasikika kabla ya ya kwanza. Faili zilikuwa na majina yaliyopangwa kwa namba, na kwenye kompyuta zilionekana sawa. Fundi simu aligundua kwamba redio nyingi za bei nafuu hazifuati majina ya faili. Hucheza kwa mpangilio ambao faili zilinakiliwa kwenye kadi. Anayenakili folda nzima kwa mkupuo hawezi kuujua mpangilio huo. Dawa ni kufomati kadi upya kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao vifaa hivi husoma, na kunakili faili moja moja, kwa zamu, kuanzia ya kwanza. Kadi kubwa zaidi ya gigabaiti 32 huja na mfumo wa exFAT ambao vifaa hivi havisomi, hivyo za gigabaiti 4 zinatosha na ni rahisi zaidi.

Tumegawa kadi 40, kila moja shilingi 7,000, na kisomeo cha kadi shilingi 5,000. Kadi haziandikwi jina la aliyechukua. Mtu huambiwa tu kwamba akimaliza anaweza kumpa jirani, na zimepita mikono mingi ambayo hatuijui.

Wakati huo huo tulianzisha simu ya mradi: kitochi cha shilingi 35,000 na kifurushi cha dakika cha shilingi 15,000 kwa mwezi. Mtu hubipu, nasi tunampigia, ili asitumie hata senti. Anayeshika zamu huandika daftarini swali na jibu, bila namba wala jina, na jioni hufuta orodha ya simu zilizoingia.

22 Machi 2025: Ujumbe mfupi, alama ndogo na saa 8:00

Kwa matangazo yenye tarehe, kama kliniki na mikutano ya mtaa, tulitumia ujumbe mfupi wa simu kupitia wakala anayetuma kwa wingi kwa shilingi 20 kwa ujumbe. Anayetaka kupokea hutuma neno moja kwenye simu ya mradi na kuchagua lugha; namba huhifadhiwa bila jina, na akituma neno la kuacha inafutwa. Namba peke yake nayo ni taarifa binafsi, kwa hiyo orodha hiyo inashikwa na mtu mmoja na imefungwa kwa nywila.

Tangazo la kwanza kwa wapokeaji 200 lilipaswa kugharimu shilingi 4,000. Tulikatwa 12,000. Tulidhani wakala ametudhulumu, hadi fundi simu alipokaa na ujumbe wenyewe na kuuhesabu herufi kwa herufi. Ulikuwa na herufi 150, pungufu ya 160 zinazoruhusiwa katika ujumbe mmoja. Lakini ndani yake kulikuwa na maneno "ng’ambo ya barabara", na simu janja iliyouandika ilikuwa imeweka ile alama ya juu iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Alama iliyopinda haimo katika orodha ya msingi ya herufi za ujumbe mfupi. Inapokuwemo hata moja, ujumbe wote hubadilishwa kwenda mfumo mwingine ambao huruhusu herufi 70 tu, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Herufi 150 zikawa vipande vitatu, na kila kipande kikalipiwa.

Kwa lugha yenye ng'ombe, ng'ambo na ng'oa, jambo hili litamkuta kila anayetuma ujumbe kwa wingi kwa Kiswahili. Tumezima marekebisho ya moja kwa moja ya alama kwenye simu inayoandikia, na kabla ya kutuma tunanakili ujumbe kwenye kikokotoo cha herufi. Kifaransa kina mtego huo huo: é na è zimo katika orodha ya msingi, lakini ê na ç ndogo hazimo. Kirundi kama kinavyoandikwa kila siku hakina alama hizo, na hakijatusumbua.

Kosa lililofuata liligharimu zaidi ya fedha. Mfumo wa wakala hujaza saa wenyewe, na ukumbusho wa kliniki ulikwenda ukisema "Jumatano 08:00". Baadhi ya akina mama walikuja saa 2 asubuhi, kama ilivyokusudiwa. Wengine walisoma saa 8, wakafika mchana jua likiwa kali, watoto mgongoni, na kuambiwa kliniki imeshafungwa. Mmoja alikuwa ametembea na mapacha. Waliosoma hivyo walikuwa wenyeji kwa wageni, kwa sababu mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili akiona 8 husoma nane.

Tuliwapigia wote waliojitokeza kulalamika na kuwaomba radhi, na muuguzi wetu akapanga nao siku nyingine. Tangu hapo saa haijazwi na mashine. Tunaandika kwa mkono "saa 2 asubuhi, mara baada ya watoto kuingia darasani", na kwa Kifaransa "8h du matin". Kila ujumbe husomwa na watu wawili waliokulia nchi tofauti kabla haujaondoka.

17 Mei 2025: Darasa la Jumamosi bila intaneti

Kolibri ni programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti: kompyuta moja huhifadhi masomo na kuyasambaza kwa wai-fai ya ndani, na watoto huyafungua kwenye kivinjari cha simu au kompyuta yoyote iliyopo. Tuliichagua pia kwa sababu msimamizi anaweza kuruhusu mtu aingie kusoma bila kufungua akaunti.

Tuliiweka kwanza kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo isiyo na betri inayohifadhi kila kitu kwenye memori kadi, ya shilingi 280,000. Umeme ulipokatika katikati ya somo, kama ilivyo kawaida ya masika, kadi yake iliharibika na masomo yote yakapotea. Ikabidi tuanze upya. Tuliweka pawabenki katikati, lakini pawabenki nyingi husita kwa sekunde moja zinapohama kutoka umeme wa ukutani kwenda kwenye betri, na sekunde hiyo inatosha kuizima mashine. Hatimaye tuliiuza kwa 200,000, tukanunua kompyuta mpakato iliyotumika kwa 380,000, ambayo betri yake inaishi saa mbili, na ruta ya 65,000. Tangu hapo hatujapoteza faili hata moja. Ningeshauri kila mtu aanze na kompyuta mpakato.

Manufaa makubwa ya darasa hili hayakutoka ndani ya programu. Binti mmoja aliyesoma Bujumbura hadi mwaka jana alikuwa akipata sifuri katika kugawanya, na shuleni alionekana mzito. Mwalimu wetu alimpa 756 kwa 6 na kumwangalia anavyoandika. Aliandika 756, akachora mstari wima upande wa kulia, akaweka 6 ng'ambo ya mstari, na jibu, 126, akalipanga chini ya ile 6. Ndivyo inavyofundishwa katika nchi zinazofuata mtaala wa Kifaransa. Jibu lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Aliyesahihisha alilitafuta juu ya mstari na hakuliona. Mwalimu aliandika njia zote mbili ubaoni, akamwita mvulana wa hapa mtaani aeleze ya kwake, kisha binti aeleze ya kwake, na watoto wengine wakajaribu zote. Ameandika barua fupi kwa mwalimu wa darasa wa binti huyo kuhusu mgawanyo, na pia kuhusu nukta na mkato: kwa mtoto huyo 3,5 ni tatu na nusu, na 1,500 iliyoandikwa kwa mtindo wetu anaweza kuisoma kama moja na nusu. Mwalimu wa darasa aliijibu barua hiyo kwa shukrani na ameomba nakala ya maelezo kwa wenzake.

Tumerekodi somo hilo, watoto hao wawili wakieleza kwa zamu kwa idhini ya wazazi wao, sauti na mikono tu bila nyuso. Limo kwenye Kolibri yetu, na ndilo linalofunguliwa zaidi.

28 Juni 2025: Hesabu na yaliyobaki

Hadi leo mradi umegharimu shilingi 1,035,000. Kompyuta mpakato na kadi za sauti zimekula zaidi ya nusu. Gharama ya ujumbe mfupi imefika 60,000, ule wa vipande vitatu ukiwemo. Hasara ya kuuza Raspberry Pi ni 80,000. Simu ya mradi, pamoja na vifurushi vya miezi mitano, ni 110,000. Kazi ya watu haijalipwa, na kikundi kitakachoiga kisidhani kwamba hiyo haina gharama: zamu ya simu ndiyo iliyowachosha watu kuliko yote, na kuanzia Julai tunaipunguza iwe jioni tatu kwa juma.

Daftari la simu linaonyesha jambo ambalo hatukulitarajia tulipokuwa tukiandika dodoso. Kwa kuwa hatuulizi asili ya mpigaji, hatuwezi kutenganisha maswali ya wageni na ya wenyeji, na tukiyasoma hatuoni kwa nini tungetaka kuyatenganisha: uhamisho wa mtoto shuleni, kodi ya nyumba, kupotea kwa karatasi, namba inayodai hela. Wakati mwingine aliyepiga simu mwezi uliopita ndiye anayejitolea kumsindikiza mwingine hadi ofisi ya mwalimu mkuu. Hapo sisi hujiondoa katikati haraka, kwa kuwaunganisha wakutane ofisi ya mtaa Jumamosi badala ya kupeana namba.

Majirani wa Pasua, Moshi, wamechukua nakala ya kadi. Tumewashauri wasizitumie rekodi za kliniki na ofisi ya mtaa kama zilivyo, kwa kuwa siku na mahali ni vya huku. Zile za utapeli na za kupanga chumba zinaweza kutumika popote. Wao watarekodi zao, na tumewaazima kipaza sauti.

Kazi ya Julai ni kurudia rekodi ya kodi ya nyumba kwa Kirundi. Aliyeisoma mara ya kwanza alitafsiri mazungumzo yale kutoka karatasini, na wazee walioisikiliza wanasema inasikika kama tangazo. Fundi cherehani ameshampata mama mwingine mwenye vyumba, aliyekulia Katumba na anayezungumza Kirundi, na ghala la mitumba tumepewa kuanzia saa 10 jioni, magari ya mizigo yakishaondoka.